Ziara ya mahakamani Arusha kwa shule na vikundi vya jamii: tathmini ya mwalimu aliyelipia

Huu ni mwaka wa tatu nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu mahakamani. Nafundisha Uraia, na nimechoka kuona mihimili mitatu ya dola ikichorwa ubaoni kama mafiga matatu, ikikaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika kabla ya likizo. Miaka miwili ya mwanzo niliandaa ziara mwenyewe, kwa barua niliyoipeleka kwa mkono na gari la kukodi. Mwaka huu niliamua kulipia huduma ya ofisi moja ndogo ya hapa Arusha ambayo inaandaa ziara za mahakamani kwa shule, vikundi vya kijamii na jumuiya za dini. Kwa kuwa ninayo malalamiko pamoja na sifa, na kwa kuwa wahusika nimekwisha kuwaeleza yote ana kwa ana, jina lao sitalitaja. Ninachotaka ni kwamba mwalimu au kiongozi wa kikundi anayefikiria huduma ya namna hii ajue cha kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Tulikuwa watu 55: wanafunzi 42, walimu wawili, na akina mama 11 wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kata yetu, ambao waliposikia habari za safari waliomba wenyewe kujiunga. Tulilipa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi na 20,000 kwa kila mtu mzima. Ieleweke kwamba mahakama haitozi kiingilio, kwa sababu mashauri husikilizwa hadharani na mwananchi yeyote anayo haki ya kuketi akasikiliza. Fedha hizo ni za magari mawili, chakula cha mchana, maji, na kazi ya mwongozaji, ambaye kwetu alikuwa kijana aliyehitimu sheria. Kwa bei hiyo nilitarajia kazi iliyofikiriwa vizuri. Asubuhi niliipata kikamilifu. Mchana niliipata nusunusu.

Nianze na maandalizi, maana hapo ndipo ofisi hii inapostahili sifa kuliko mahali pengine popote. Siku nne kabla ya safari mwongozaji alikuja shuleni, akaomba vipindi viwili mfululizo, akasogeza madawati pembeni na kuchora chumba cha mahakama kwa chaki kwenye sakafu. Hapa anaketi hakimu, hapa karani, hapa mdai na mdaiwa, pale kizimba, na huku nyuma wananchi. Kisha akawatembeza wanafunzi juu ya mchoro huo mmoja mmoja, ili kila mmoja aone chumba kinavyoonekana kutoka kizimbani na kinavyoonekana kutoka kiti cha hakimu. Aliwaeleza kwa nini watu husimama hakimu anapoingia, kwa nini simu huzimwa na picha hazipigwi bila kibali, na kwa nini hawatacheka shahidi anapojikwaa katika maneno yake, hata kama alichosema kinachekesha kweli. Alisema jambo ambalo sikuwahi kulisema katika safari zangu mbili za awali: yule mtu mnayekwenda kumsikiliza hakuja pale kuwafundisha ninyi, amekuja kwa sababu ana shida, na ninyi ni wageni katika siku ngumu ya maisha yake.

Jambo la pili alilolifanya lilinionyesha kwamba ofisi hii ina uzoefu. Jioni moja kabla ya safari alinipigia simu akanisomea majina yaliyokuwa katika orodha ya mashauri iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mahakama, akaniomba nihakikishe kwamba hakuna mwanafunzi mwenye ndugu au jirani wa karibu miongoni mwao. Mji wetu ni mdogo. Niliwaita wanafunzi faraghani, na msichana mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jina mojawapo ni la mtu wa nyumbani kwao. Tulikubaliana kwamba kundi lake liingie baada ya shauri hilo kupita, na hakuna mwenzake aliyejua sababu. Mwongozaji alikuwa pia amehakikisha kwamba siku hiyo hatukuwa tunapeleka kundi mbele ya mashauri ambayo sheria inataka yasikilizwe faragha, yakiwemo ya watoto, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 umma hauruhusiwi kuhudhuria. Ofisi yoyote inayouza ziara za mahakamani na haina utaratibu kama huu, mwalimu asiwakabidhi watoto wake.

Siku yenyewe tulianzia Mahakama ya Mwanzo, na uamuzi huo nausifu kwa moyo wote. Shule nyingi hupenda kuanza na jengo kubwa, lenye ngazi pana na bendera, kisha hurudi nyumbani na picha nzuri. Mahakama ya Mwanzo ndiyo mahakama ambayo wengi wa wanafunzi hawa wataingia maishani mwao ikiwa wataingia mahakamani kabisa, na ndiyo iliyoendesha kazi zake kwa Kiswahili miaka yote, hata kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu kwa jumla. Mtoto wa kidato cha tatu ambaye Kiingereza cha darasani bado kinampa taabu alielewa kila neno lililosemwa.

Ukumbi ulikuwa mdogo, wenye mabenchi ya mbao sita na madirisha yaliyofunguliwa kwa sababu ya joto. Watu 55 wasingeenea bila kuwasukuma nje wenye mashauri yao, na hapo ofisi ilikuwa imepanga vizuri: tuligawanywa makundi mawili, moja ndani na jingine nje chini ya mti, ambako msaidizi wa mwongozaji aliwapa wanafunzi nakala ya jalada la kubuni wajifunze kulisoma, kuanzia hati ya madai hadi mwenendo wa shauri. Kila baada ya saa moja makundi yalibadilishana, kwa utulivu, baina ya shauri moja na lingine. Wenye mashauri waliketi mabenchi ya mbele. Sisi tulikaa nyuma na wengine tukasimama.

Karani alipoita “Kooorti!” wote tulisimama, na nikaona macho ya wanafunzi wangu yakibadilika. Shauri la kwanza lililosikilizwa kwa kirefu lilikuwa la madai ya fedha za magunia ya maharage. Shahidi alitaja jina, umri, kazi na dini, akaapa, akaanza kueleza kwa kasi kama mtu aliyeyabeba maneno hayo kwa miezi. Baada ya sentensi mbili hakimu akamwinulia mkono: “Ngoja niandike.” Shahidi akangoja. Kalamu ilisikika karatasini. Akaendelea, na baada ya sentensi mbili nyingine: “Ngoja niandike.” Wanafunzi waliokuwa wamezoea kuona kesi za kwenye filamu, ambamo mawakili hupaza sauti na shahidi hulia ndani ya dakika tatu, walikaa karibu saa nzima wakishuhudia ushahidi wa mtu mmoja ukikusanywa kwa mwendo wa kalamu. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba sasa ameelewa kwa nini kesi huchukua muda mrefu, na kwa maoni yangu maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko mada nzima niliyoifundisha muhula uliopita.

Kisha ikafika zamu ya mdaiwa kumhoji shahidi. Alisimama akasema, “Huyu anasema uongo, siku hiyo mimi nilikuwa Babati.” Hakimu akamwambia kwa upole, “Hayo ni maelezo, utayatoa zamu yako ikifika. Sasa muulize swali.” Mdaiwa akafikiri, akasema tena, “Siku hiyo mimi sikuwepo.” Hakimu akarudia, “Muulize swali.” Mara ya tatu mzee yule akapumua, akauliza, “Je, siku hiyo uliniona kwa macho yako, au uliambiwa?” Shahidi akanyamaza kidogo kabla ya kujibu kwamba aliambiwa na mkewe. Ukumbi mzima ulisikia uzito wa jibu hilo. Hakuna kitabu cha Uraia ninachokijua kinachoweza kuonyesha hivyo faida ya kumhoji shahidi, wala kinachoonyesha jinsi hakimu anavyoweza kumsaidia mtu asiye na wakili aitumie haki yake bila kumpendelea. Shauri liliahirishwa kwa sababu shahidi wa pili hakufika, nalo hilo lilikuwa somo.

Baada ya mashauri kumalizika hakimu alikubali kuketi nasi kwa dakika ishirini. Kijana mmoja alimuuliza, “Mheshimiwa, katika ile kesi ya maharage wewe unamwamini nani?” Akamjibu kwamba hilo ndilo swali pekee asiloweza kulijibu siku ile, kwa sababu hajasikia upande wa pili, na kwamba hata angekuwa nyumbani kwake akila chakula na familia yake asingelijibu. Akawasomea ibara ya 107A ya Katiba, inayosema kwamba mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki nchini ni Mahakama, na akawaeleza maana ya maneno yaliyomo humo kuhusu kutochelewesha haki bila sababu za msingi na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Akina mama nao hawakuja kutazama tu. Mmoja, mjane, aliuliza kuhusu mirathi: mumewe alifariki, shamba liko kwa shemeji, na yeye ameambiwa kwamba bila wakili hawezi kufungua chochote. Karani, kwa ruhusa ya hakimu, alimweleza kwamba maombi ya kusimamia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo na mwombaji anaweza kuyafungua mwenyewe, akamtajia nyaraka za kuanzia: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na fomu ya maombi. Mama yule aliomba kalamu kwa mwanafunzi aliyeketi karibu naye na kuyaandika yote kwenye kiganja kwanza, kisha kwenye karatasi. Wanafunzi waliokuwa kando walinyamaza wakamsikiliza. Nilikuwa na wasiwasi kuchanganya watoto na watu wazima katika safari moja. Sasa nasema kwamba bila akina mama wale maswali yetu yangebaki ya mtihani.

Hadi hapo ningeipa huduma hii alama zote. Matatizo yalianza saa saba mchana.

Ratiba tuliyopewa na tuliyoilipia ilisema kwamba mchana tungehudhuria kikao cha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa Arusha tangu mwaka 2007. Mahakama hiyo ina majaji 11 kutoka nchi mbalimbali, na isipokuwa Rais wake, majaji hao hawafanyi kazi hapa muda wote: hukutana kwa vikao vinne vya kawaida kwa mwaka, kila kimoja cha takriban wiki nne. Nje ya vikao hivyo huwezi kumkuta jaji akisikiliza shauri, na hilo si siri wala si kosa la mahakama. Kalenda ya vikao hutangazwa. Ofisi yetu haikuitazama. Tuliambiwa tukiwa ndani ya magari, tayari tumetoka Mahakama ya Mwanzo, kwamba hakuna kikao wiki hiyo na kwamba ratiba imebadilishwa. Wanafunzi wangu walikuwa wamesoma kwa wiki mbili juu ya mahakama hiyo, pamoja na hukumu yake ya Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, na walikuwa na maswali mkononi. Mpangaji wa ziara za mahakamani ana vitu viwili vya lazima kuvijua, kalenda ya mahakama na orodha ya mashauri. Kijana yule aliyeishughulikia orodha kwa uangalifu wa kiasi kile alipaswa kuwa na mwenzake ofisini anayeishughulikia kalenda.

Badala yake tulipelekwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji, kwenye taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ile ambayo wakazi wa Arusha tulizoea kuiita ICTR. Sina budi kusema kwamba, ingawa hatukuiomba, ziara hiyo ilikuwa nzuri. Tulipokelewa kwa heshima, tulieleweshwa bila haraka, na tuliingia ukumbi wa mahakama usiokuwa na shauri siku hiyo. Ukumbi mtupu una faida yake pia, kwa sababu mgeni anaweza kuuliza chochote kwa sauti na kuangalia kila kiti kwa karibu.

Wanafunzi wengi walizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya mwaka 1994, na kwao Rwanda ni nchi ya jirani yenye barabara safi. Waliposikia kwamba Baraza la Usalama liliianzisha mahakama ile tarehe 8 Novemba 1994, kwamba ilifanya kazi katika mji wao hadi Desemba 2015, na kwamba tarehe 2 Septemba 1998 hapa hapa Arusha ilitolewa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, ambayo ni hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, walitazamana kama watu walioambiwa kwamba nyumba ya babu yao ilikuwa ikulu. Lakini takwimu iliyowashika zaidi ilikuwa nyingine: kati ya watu 93 walioshtakiwa, 14 waliachiwa huru. Msichana mmoja aliuliza inawezekanaje mtu akashtakiwa kwa jambo kubwa kiasi hicho kisha akaachiwa. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba, kama isingewezekana, basi wale waliotiwa hatiani wasingekuwa wametiwa hatiani na mahakama. Nililiandika jibu hilo kwenye daftari langu.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu linahusu lalamiko langu la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kalenda. Safari ilifungwa kwa kesi ya kuigiza, kitu ambacho ofisi hii inakitangaza kama sehemu kuu ya huduma yake. Wanafunzi walipewa mswada ulioandikwa tayari: kijana anashtakiwa kwa kuiba simu sokoni, mashahidi watatu wa mashtaka wanaeleza walivyomwona, mshtakiwa anajikanyaga katika utetezi wake, hakimu anamtia hatiani, na wote wanapiga makofi. Hakuna shahidi wa utetezi. Hakuna swali la kumhoji shahidi isipokuwa yaliyoandikwa ili yashindwe. Baada ya asubuhi waliyomsikia mzee akitafuta swali lake hadi akalipata, na baada ya kuambiwa habari za wale 14, watoto wangu walifundishwa saa kumi jioni kwamba kesi ni sherehe ya kumfikisha mwenye hatia jela. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hadi ithibitike kwamba ana hatia. Mswada ule ulimtendea hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Nilimwambia mwongozaji siku ile ile, na kwa haki yake alisikiliza na kukiri kwamba mswada ni wa zamani na haukuandikwa naye.

Pendekezo langu kwao lilikuwa hili: waandike ushahidi wa pande zote mbili wenye mapengo ya kweli, wawape wanafunzi dakika thelathini za kuandaa maswali, na wasiandike hukumu kabisa. Mwanafunzi anayekaa kiti cha hakimu aandike uamuzi wake mwenyewe na sababu zake, na mwanafunzi mwingine apewe nafasi ya kukata rufaa mbele ya wenzake watatu. Hilo halihitaji fedha zaidi.

Mambo madogo nayataja haraka. Chakula kilikuja saa tisa, na watoto walikuwa na njaa. Wali na maharage vilikuwa vizuri. Magari yalikuwa safi na madereva waangalifu. Cheti cha ushiriki ambacho kila mwanafunzi alipewa ni kipambo tu, na ningependelea fedha hizo zichapishe kijitabu kidogo chenye msamiati wa mahakamani, kwa sababu wanafunzi wengi bado walikuwa wanachanganya mshtakiwa na mshtaki, na kutajwa kwa shauri na kusikilizwa kwa shauri.

Kwa shule isiyo na uwezo wa kulipa, safari ya asubuhi inawezekana bila wakala. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo, wiki tatu kabla, taja idadi ya wageni, umri wao na lengo, omba uelekezwe siku inayofaa, kisha fuatilia kwa miguu. Wiki ya Sheria, ambayo kila mwaka hutangulia Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, pia huleta maonyesho na msaada wa kisheria bila malipo, ingawa ni kuketi katika shauri halisi ndiko kulikowabadilisha wanafunzi wangu. Utakachokikosa ukijiandalia mwenyewe ni yale maandalizi ya chaki na ile simu ya jioni, isipokuwa uwe tayari kuyafanya wewe, na sasa mimi ninajua jinsi ya kuyafanya.

Hata hivyo nimewapa ofisi hii nafasi nyingine. Nimewaandikia kuomba siku moja ya muhula ujao kwa wanafunzi 40 na akina mama wale wale, ambao sasa wamefika 16, kwa masharti mawili: tarehe ipangwe baada ya kalenda ya vikao kuonekana kwa macho, na mswada wa kesi ya kuigiza niletewe wiki mbili kabla. Wamejibu kwamba wanauandika upya. Malipo ya awali nitayatoa nikishausoma.